Dozi asubuhi, pingu jioni

Tangu Februari 2011 Serikali ya Tanzania inawapa waraibu wa heroini dawa ya jamii ya afyuni. Ilianza kuitoa hospitali ya Muhimbili, bure, mchana kweupe, muuguzi akisimama mbele ya mgonjwa kuhakikisha ameimeza. Dawa hiyo ni methadoni, maji ya kunywa kwa kikombe kidogo. Anayeinywa kila siku hapati arosto, yaani mateso ya kukosa heroini, na hana haja ya kuamka alfajiri kuhangaikia kete. Baada ya Muhimbili zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Dodoma, Mbeya, Mwanza, Tanga na Bagamoyo. Zanzibar, yenye sheria na mamlaka yake, nayo ikaanzisha huduma hiyo. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014 pale hospitali ya Mathari, ikaenda Malindi na Mombasa.

Tunaanza hapo kwa sababu kila mjadala wa kuhalalisha dawa za kulevya unapoibuka, huendeshwa kana kwamba ni wazimu wa Ulaya unaobisha hodi kwetu. Mbunge anasimama anataka bangi iruhusiwe, ukumbi unacheka. Shehe na askofu wanakemea, mitandao inachemka siku mbili, basi. Huku nyuma nchi ilikwishakubali, bila kelele, kwamba mraibu wa heroini ni mgonjwa, na kwamba anaweza kutibiwa kwa dawa yenye undugu na ile iliyomwangusha. Hospitali inajua hivyo. Sheria bado haijaambiwa.

Matokeo yake ni kwamba kijana aliyekunywa dozi saa mbili asubuhi anaweza kuzolewa kwenye msako saa kumi jioni. Atalala mahabusu, na kesho dozi itampita. Zikipita siku kadhaa mfululizo, daktari hathubutu kumrudishia kiwango kile kile, maana mwili umekwisha kupoteza uzoefu. Inabidi aanze upya na kidogo kidogo. Miezi ya kazi ya kliniki inafutwa na karandinga moja. Dola inagharamia tiba kwa mkono huu na kuivuruga kwa mkono ule, na pande zote mbili zinaandika ripoti za mafanikio.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Hatutaki heroini wala methamfetamini iuzwe dukani kwa leseni, leo wala kesho. Tunachotaka ni kwamba mtu aliyekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe aondolewe kwenye mlango wa jinai na aingizwe kwenye mlango wa tiba. Na tunataka hilo lifanyike kwa mpangilio: kliniki kwanza, sheria baadaye. Anayetaka kuligeuza kichwa chini miguu juu asome habari za Oregon, ambazo tutazifikia.

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ilikuja na hasira, na hasira hiyo ilikuwa na sababu. Pwani yetu iko kwenye njia ya kusini. Mzigo unatoka Afghanistan, unashuka hadi ufuko wa Makran nchini Iran na Pakistan, unapakiwa kwenye majahazi na kuletwa bahari ya Hindi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi karibu na pwani ya Kenya likiwa na kilo 1,032 za heroini. Desemba 2023 Mamlaka yetu ya kupambana na dawa hizi ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Kilo elfu tatu! Kwa biashara ya ukubwa huo kifungo cha maisha hakitushangazi, na wanaofanya kazi hiyo usiku na mchana wanastahili pongezi.

Lakini sheria hiyo hiyo, katika kufafanua biashara ya dawa, imekusanya kapu moja: kuingiza, kuuza, kusafirisha, kuhifadhi, hadi kumiliki. Kapu hilo likishafika mtaani huvua dagaa. Papa ana wakili, ana nyumba tatu, hashiki mzigo kwa mkono wake. Teja ana kete mfukoni na mkono unaotetemeka. Ofisa wa polisi mwenye hesabu za mwezi za kujaza atamkamata yupi? Na kila anayevijua vijiwe anajua kwamba kete moja ni mwanya wa rushwa: asiye na kitu analala ndani, mwenye ndugu wa kumtumia pesa kwa simu anarudi maskani kabla ya isha.

Tuwatazame akina Akasha wa Mombasa. Jina hilo lilitajwa katika biashara hii kwa miaka mingi. Ndugu wawili, Baktash na Ibrahim, walikamatwa Novemba 2014, na shauri la kuwapeleka Marekani likavutana mahakamani hadi waliposafirishwa Januari 2017. Mwaka 2019 mahakama ya New York ikamhukumu Baktash miaka 25. Mwaka uliofuata Ibrahim akapewa 23. Walikiri makosa yao, pamoja na kuwahonga maofisa wa Kenya. Katika miaka hiyo hiyo, ni vijana wangapi wa Mombasa na Malindi waliokwenda jela ya Shimo la Tewa kwa kete? Ukali wa sheria ulikuwapo muda wote. Uliwafikia waliokuwa karibu.

Wanaopinga kulegeza sheria wanasema, na wanasema kwa nia njema, kwamba hofu ya jela ndiyo inayowazuia watoto wetu. Tunaiheshimu hoja hiyo, hasa inapotoka kwa mama aliyeuziwa hadi sufuria na mwanawe. Huyo mama hatumfundishi kitu. Tunamwuliza tu: mwanao aliogopa jela? Arosto haiogopi jela. Mtu mwenye arosto anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma kana kwamba inasagwa, halali siku tatu. Mbele ya hali hiyo kifungu cha sheria ni karatasi.

Kilichofanya Muhimbili ifungue kliniki ile hakikuwa huruma peke yake. Mwaka 2005 watafiti waliripoti katika jarida la kitabibu la Uingereza jambo walilolikuta Dar es Salaam miongoni mwa wanawake waliokuwa wakijiuza na kujidunga. Aliyepata pesa ya unga wa heroini alijidunga, akavuta damu yake kwenye bomba la sindano, akampa mwenzake aliyekosa ajidunge damu hiyo, kwa imani kwamba ina mabaki ya unga. Wenyewe waliiita flashblood. Ilikuwa namna ya kusaidiana. Ndiyo, kusaidiana: aliyenacho alimwokoa shoga yake na arosto kwa damu yake mwenyewe. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini havikuhitaji barabara nzuri zaidi ya hiyo. Tafiti za miaka iliyofuata zilikuta takriban theluthi moja ya wanaojidunga jijini wana VVU, wakati kwa watu wazima nchini kiwango kilikuwa karibu asilimia 5. Watu hao wana wenza, wana wateja, wana watoto. Ugonjwa wao haukai maskani.

Sasa, hawa ndio watu ambao sheria inawafundisha wakimbie kila wakimwona mtu mwenye kitambulisho cha Serikali, awe askari au mhudumu wa afya aliyebeba sindano safi. Wanajidunga haraka haraka nyuma ya ukuta, wanatupa bomba, wanaokota la mwenzao. Mmoja wao akipelekwa jela akakaa miezi sita bila unga, anatoka mwili umesahau kiwango cha zamani. Anarudi kijiweni, anajidunga kipimo chake kile kile, anazima moja kwa moja. Madaktari wa fani hii duniani kote wanazijua wiki za kwanza baada ya kifungo.

Ureno ilikuwa na tatizo hili kwa ukubwa unaotisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila mia alikuwa mtumwa wa heroini. Julai 2001 sheria mpya ikaanza kazi. Watu wengi wanaosema Ureno ilihalalisha dawa za kulevya hawakuisoma. Kuuza kulibaki kosa la jinai, na kete ikikamatwa inachukuliwa. Kilichobadilika ni kwamba aliyekutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku kumi hapelekwi kwa hakimu. Anapelekwa mbele ya jopo dogo la watu watatu, wa sheria, wa afya na wa ustawi wa jamii, wanaokaa naye mezani. Asiye mraibu anaonywa au anatozwa faini. Aliye mraibu anaelekezwa kwenye tiba, na tiba yenyewe ipo, kwa sababu Serikali ilipeleka huko fedha na watu. Maambukizi mapya ya VVU kwa wanaojidunga yakashuka kutoka zaidi ya elfu moja kwa mwaka hadi makumi machache. Baada ya mdororo wa uchumi wa miaka ya 2010 bajeti ikabanwa, huduma zikapungua, na mitaa ya Porto ikaanza tena kulalamikia watu wanaojidunga hadharani. Sheria ilikuwa ile ile. Kilichopungua kilikuwa fedha.

Oregon, jimbo la Marekani, ilidhani inafanya kama Ureno. Novemba 2020 wapiga kura walipitisha hoja namba 110, na Februari 2021 kumiliki dawa kidogo kukawa kosa la faini ya dola 100, inayofutwa ukipiga simu kuomba tathmini ya afya. Waliopiga simu walikuwa wachache mno. Hapakuwa na jopo wala mtu wa kukukalisha kitini. Fedha za tiba zilichelewa kutoka, na wakati huo huo fentanili, kali kuliko heroini mara nyingi, ikaenea mitaani. Mwaka 2024 bunge la jimbo likarudisha jinai, ikaanza Septemba mosi. Wapinzani wa kulegeza sheria wanaitumia Oregon kama rungu, na wana haki ya kulitumia. Sisi tunalisoma rungu hilo hivi: ukimwondoa polisi kabla hujamleta mganga, umemwachia pusha eneo lote.

Ndiyo maana tumesema kliniki kwanza. Kule Temeke, Mwananyamala au Bombo ya Tanga, ambako dozi inatolewa, ianze majaribio: anayekutwa na kete ya matumizi yake apelekwe kwenye jopo la halmashauri, awemo mganga, ofisa ustawi wa jamii na mwanasheria. Tunavyo vyeo hivyo tayari; vingi viko wazi bila watu, lakini vipo kwenye muundo. Kule ambako mraibu akikubali tiba leo hana pa kuipata karibu, hatuoni maana ya kubadilisha kitu kwenye karatasi kabla ya huduma kufika. Polisi watasema mapusha watatembea na kete tatu tatu wajifanye watumiaji. Ni kweli, baadhi watapona kwa ujanja huo. Wanaufanya hata leo.

Bangi ni habari nyingine, na kuichanganya na heroini ndilo kosa la kwanza la mjadala huu. Mwaka 2022 Wakenya walimsikia Profesa George Wajackoyah akiahidi kulipa madeni ya taifa kwa bangi. Alishika nafasi ya tatu katika mbio za urais, kwa chini ya asilimia moja ya kura, lakini alifanikiwa kuigeuza hoja nzito kuwa kichekesho cha kampeni. Nyuma ya kichekesho kuna dunia inayobadilika. Uruguay iliruhusu mwaka 2013, Canada 2018, Ujerumani Aprili 2024. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima akivuta faraghani na kupanda miche yake nyumbani Serikali haina la kumwambia. Thailand ikafungua milango Juni 2022, maduka yakachipua kila kona, na mwaka 2025 ikarudi nyuma ikidai cheti cha daktari.

Hapo ndipo tunaposita. Tunachokiogopa zaidi kuliko mmea wenyewe ni mfanyabiashara mwenye ruhusa, nembo, tangazo na msanii wa kulitangaza. Jambo hilo tumekwisha kuliona kwenye pombe. Viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilikuwa halali kabisa. Vilikuwa na nembo ya ubora na vililipiwa kodi, na vilikuwa kwenye mifuko ya sare za shule na kwenye vyumba vya madereva wa malori, kwa sababu vilikuwa rahisi na vilifichika. Machi mosi 2017 Serikali ikavipiga marufuku. Angalieni ilichofanya: pombe iliendelea kuuzwa, na hakuna mnywaji aliyefungwa kwa kuwa na pombe mwilini. Kilichoguswa kilikuwa mfuko wa plastiki na bei. Uhalali hauzuii udhibiti, na udhibiti wenye akili hulenga kiungo kinachoumiza. Kwa kigezo hicho hicho tungekataa maduka ya bangi yenye mabango, na tungekataa pia kumfunga mtu kwa msokoto mmoja.

Jirani zetu wana somo la pili kuhusu uhalali wa makaratasi. Kenya iliipa chang'aa ruhusa kwa sheria ya vileo ya mwaka 2010, kwa sharti kwamba itengenezwe kwa viwango, iwekwe kwenye chupa za kioo, iwe na lebo. Mama mpishi wa chang'aa wa mtaa wa Mathare angetoa wapi kiwanda? Akabaki haramu kama zamani, na watu wakaendelea kufa kwa spiriti ya viwandani: makumi mwaka 2014, na Februari 2024 tena huko Kirinyaga, zaidi ya kumi, kwa pombe iliyodaiwa kuwa kielelezo cha kesi kilichochotwa kituo cha polisi.

Masharti hayo hayo ndiyo yanayoamua nani anafaidika na bangi ya tiba. Lesotho ilikuwa ya kwanza Afrika kutoa leseni, mwaka 2017. Mtaji na maabara vikawa vya kampuni za nje, na mkulima wa milimani aliyelima matekoane, yaani bangi, tangu enzi za babu yake akabaki akichungulia uzio. Morocco ilijipanga tofauti. Sheria yake ya 2021 iliruhusu kilimo cha tiba na viwanda katika majimbo matatu tu ya milima ya Rif, kupitia ushirika wa wakulima, huku kuvuta kwa starehe kukibaki marufuku. Agosti 2024 Mfalme Mohammed wa Sita akawasamehe watu 4,831 waliokuwa wamehukumiwa au wakisakwa kwa makosa ya kilimo hicho. Kwetu adhabu ya miaka 30 jela kwa kulima bangi si jambo geni mahakamani. Miaka 30 kwa mtu wa Arumeru au Mara mwenye nusu ekari kandokando ya mahindi! Wapo walioua bila kukusudia wakatumikia kifungo pungufu. Hata asiyetaka bangi ihalalishwe kamwe anaweza kukubali kwamba kipimo hiki kimepinda, na Bunge linaweza kukinyoosha bila kuruhusu jani hata moja livutwe.

Mirungi tutaipitia haraka, kwa kuwa hapo sheria inajichekesha yenyewe. Meru, Kenya, miraa (ndiyo mirungi hiyo hiyo) ni zao rasmi la biashara. Lilifungiwa Uingereza Juni 2014 na wakulima wakalia hadi Ikulu. Ukivuka mpaka kuja Same, kwenye milima ya Upare, mmea ule ule unafyekwa na kuchomwa na maofisa, na mkulima anakimbilia porini. Uganda nayo imeuweka kwenye orodha ya marufuku. Nchi hizi tatu zina ushuru wa forodha wa pamoja. Kama mirungi ni hatari kiasi hicho, mawaziri wetu wamwambie mwenzao wa Nairobi; kama sivyo, wamwambie mkulima wa Same.

Tumalizie na fedha. Methadoni yetu imesimama kwa sehemu kubwa juu ya misaada, hasa ya Marekani kupitia mpango wake wa Ukimwi, PEPFAR, na Mfuko wa Dunia. Januari 2025 Washington ikasitisha misaada yake ya nje, na huduma za VVU barani kote zikatikisika. Dawa ambayo mgonjwa lazima aipate kila siku, Jumapili na sikukuu, haiwezi kutegemea kalamu ya rais wa nchi nyingine. Haya tunayoyapendekeza kuhusu majopo na sheria hayana uzito kama siku moja milango ya kliniki itafungwa na maelfu ya watu wakarudi kijiweni kwa wakati mmoja. Bunge la bajeti hukutana Dodoma kuanzia Aprili. Tutaisikiliza hotuba ya Waziri wa Afya hadi mwisho, tukitafuta fungu la methadoni, na pembeni yake maneno mawili: fedha za ndani.